Vidole Havilingani, Mkono ni Mmoja

Tarehe 2 Februari 2023, katika Uwanja wa Mashahidi mjini Kinshasa, Baba Mtakatifu Fransisko aliwaomba vijana na makatekista wa Kongo jambo jepesi: waitazame mikono yao. Aliwaeleza kwamba hakuna mkono mwingine duniani ulio sawa kabisa na mkono wa mmoja wao, na kwamba kila mmoja ni hazina isiyo na mfano. Kisha akavihesabu vidole, kimoja baada ya kingine, kuanzia gumba, na kila kidole akakipa neno la kuishi nalo: sala, jumuiya, unyofu, msamaha na huduma. Alipofika kwenye kidole cha kati akalitaja jina la kijana wa Goma: Floribert Bwana Chui.

Goma ilikuwa imemngojea Papa kwa hamu tangu ilipotangazwa kwamba angefika Julai 2022. Safari ile iliahirishwa, na ilipofanyika hatimaye, vita vilikuwa vimeifunga njia ya kwetu. Hata hivyo, mbele ya umati ule wa Kinshasa, mji wetu ulitajwa kwa jina la mwanawe.

Wahenga walikwisha kutufundisha kwamba vidole vya mkono havilingani. Methali hiyo tumezoea kuitumia kwa mambo ya mali: huyu tajiri, yule maskini. Leo tuisome kwa upande mwingine, yaani upande wa hulka. Mungu hakutuumba kwa kalibu moja. Mmoja ni mwepesi wa kusema, mwingine hupima neno siku tatu kabla ya kulitoa. Mmoja huwaka kama moto wa majani, mwingine ni kaa la chini ya majivu.

Lakini tujiulize bila kujificha: katika vikundi vyetu, iwe Xaveri, Kiro, Skauti, kwaya au shirika la mtaa, ni kijana gani tunayemwita «mwenye imani»? Mara nyingi ni yule anayesema kwa ufasaha, anayeongoza wimbo, anayesali kwa sauti bila kusitasita. Mkimya tunamwita mvivu au mwenye kiburi. Mwenye maswali tunamwita mbishi. Anayecheka sana tunasema hana sala. Anayetaka kila faranga iandikwe tunasema ni mgumu wa roho. Polepole wote hao huacha kuja, na hakuna anayewafuata kuwauliza kulikoni.

Tafakari hii inataka kuiuliza historia ya Kanisa, hasa ya Kanisa la Kongo, kama imewahi kuikubali sura hiyo moja ya Mkristo.

Ugomvi wa Antiokia

Tuanzie mbali kidogo. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 15, kinasimulia jambo ambalo mwandishi asiye mkweli angelificha: Paulo na Barnaba, wamisionari wawili wakubwa wa Antiokia, waligombana. Barnaba alitaka wamchukue tena Yohane aitwaye Marko katika safari yao ya pili. Paulo alikataa, kwa sababu kijana huyo aliwaacha njiani katika safari ya kwanza, huko Pamfilia. Ubishi ukawa mkali hata wakaachana. Barnaba akamchukua Marko wakaenda Kipro. Paulo akamchagua Sila wakapita Siria na Kilikia.

Hapo palikuwa na hulka mbili. Paulo alikuwa mtu wa kazi, asiyevumilia ulegevu pale Injili inapohusika. Barnaba alikuwa mtu wa kuinua walioanguka. Hata jina hilo alipewa na mitume kwa sababu ya moyo wake wa kufariji, kwani jina lake la kuzaliwa lilikuwa Yosefu. Na yule Paulo aliyeukataa upole wa Barnaba alikuwa mwenyewe ameokolewa nao. Ndugu wa Yerusalemu walipomwogopa Sauli, mtesaji wa jana, ni Barnaba aliyemshika mkono na kumpeleka kwa mitume. Ni yeye pia aliyekwenda Tarso kumtafuta na kumleta Antiokia. Bila mtu wa aina ile, Kanisa lingechelewa sana kumjua mtu wa aina ya Paulo.

Mwisho wa habari unapatikana katika Waraka wa pili kwa Timoteo, sura ya 4. Humo Paulo, akiwa kifungoni, anaomba Marko aletwe kwake, kwa kuwa anamfaa katika utumishi. Mapokeo ya Kanisa yanamtambua Marko huyo kuwa mwinjili. Kijana aliyeonekana dhaifu kwa jicho moja, kwa jicho lingine alionekana mtu anayehitaji muda tu.

Kiti kimoja, wachungaji wawili

Sasa turudi kwetu Kivu. Katika miaka michache sana, jimbo kuu la Bukavu lilipata wachungaji wawili waliolipenda taifa lao hadi mwisho, na ambao kwa tabia walitofautiana sana.

Wa kwanza ni Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, Mjesuiti, aliyezaliwa mwaka 1926. Tayari mwaka 1971, wanafunzi wa chuo kikuu cha Lovanium mjini Kinshasa walipoingizwa jeshini kwa amri ya Mobutu, padri huyo aliomba aandikishwe pamoja nao, asiwaache peke yao. Alikuwa mtu wa maisha ya kawaida, asiyejali heshima za cheo, na mtu wa kalamu. Mwaka 1994, wakimbizi walipofurika kutoka Rwanda, na baadaye vita vilipokaribia Bukavu, aliandika barua na miito, akionya, akisihi, akitetea uhai wa kila mtu bila kuuliza kabila lake. Maneno yake yalikuwa wazi, na uwazi huo ulimletea maadui. Jioni ya tarehe 29 Oktoba 1996, wakati mji ukitekwa, aliuawa na wanajeshi katika njia panda ya Nyawera. Wengi walikuwa wamekwisha kukimbia. Yeye alibaki na watu wake.

Wa pili ni Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko, aliyeshika nafasi yake mwaka 1997. Huyu alizaliwa mwaka 1932, akawa askofu wa Beni tangu 1966, akiwa na umri wa miaka 34 tu. Kwa zaidi ya miaka 30 huko Butembo alijulikana kama mjenzi: mtu wa barabara, wa shule, wa hospitali, wa kuwaambia wakulima na wafanyabiashara wasiingoje serikali iwafanyie yale wanayoweza wenyewe. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa Butembo mwaka 1989, ni tunda la moyo huo. Kwa mtu aliyekuwa akimtafuta «Munzihirwa wa pili», mjenzi huyu angeweza kuonekana si chaguo. Lakini ulipofika wakati wa kusema, mjenzi alisema. Ujumbe wake wa Noeli ya 1999, uliokemea unyonyaji wa watu na mali yao, ulimfanya azuiwe na watawala wa RCD kurudi jimboni mwake. Kuanzia Februari hadi Septemba 2000 aliishi uhamishoni Butembo, na Wakristo wa Bukavu hawakuacha kumdai. Alirudi tarehe 14 Septemba, akapokewa kwa shangwe, na majuma matatu baadaye, tarehe 4 Oktoba 2000, akafariki dunia karibu na Roma.

Ukweli uliosemwa ni mmoja, lakini kila mmoja aliusema kwa mdomo wake. Kataliko hakujilazimisha kuwa Munzihirwa, wala Wakristo wa Bukavu hawakumpima kwa fimbo ya mtangulizi wake. Walimpokea alivyo, na alivyo ndivyo alivyowafaa.

Usiku wa Isiro

Pengine mtu atasema: hao ni maaskofu, watu waliokwisha kukomaa. Basi tuwatazame vijana.

Anuarite Nengapeta alizaliwa Wamba mwaka 1939. Alipotaka kuwa mtawa, mama yake hakuwa tayari. Siku moja lori lililowachukua wasichana kwenda utawani Bafwabaka lilipoondoka, Anuarite alipanda bila ruhusa, na nyumbani wakagundua baadaye. Huo ndio ulikuwa upande mmoja wa tabia yake: akishaamua, ameamua. Upande wa pili ulikuwa kazi zisizoonekana: alifundisha watoto wa shule ya msingi, alitunza sakristia, alisaidia jikoni. Alitembea na sanamu ndogo ya Bikira Maria mfukoni. Hatusikii kwamba alikuwa msemaji au kiongozi. Alikuwa mmoja kati ya wengi.

Tarehe 29 Novemba 1964, waasi wa Simba walifika Bafwabaka wakawachukua masista wote, wakawapeleka hadi Isiro. Usiku ule wa Isiro haukuwa na shujaa mmoja tu. Mama Léontine Kasima, mkuu wa masista, alisimama mbele ya maofisa na kukataa kuwatoa binti zake, yeye asiye na silaha yoyote ila cheo chake cha umama. Sista Jean-Baptiste Bokuma, aliyelazimishwa kuingia garini pamoja na Anuarite, alipigwa hata akavunjika mkono. Alinusurika, akabaki kuwa shahidi wa yaliyotokea. Masista wengine waliomba na kungoja katika hofu, bila kutawanyika. Na Anuarite, yule wa sakristia na jikoni, alimkatalia Kanali Olombe waziwazi, akamwambia kwamba anamsamehe, akauawa usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba akiwa hajatimiza miaka 25. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985.

Tuwatazame tena hao masista: mwenye mamlaka aliyejua kukabili wakubwa, mstahimilivu aliyebaki hai kusimulia, mnyenyekevu aliyekuwa na mwamba ndani yake, na kundi lililoshikamana kwa sala. Wote walikuwa jumuiya moja. Wahenga hawakukosea waliposema kimya kingi kina mshindo mkuu. Lakini mshindo huo ulipata nafasi kwa sababu miaka mingi kabla ya usiku ule, jumuiya ilikuwa imempokea msichana yule na kumpa kazi aliyoiweza, bila kumdai sauti asiyokuwa nayo.

Kijana wa mpakani

Floribert Bwana Chui bin Kositi alizaliwa Goma tarehe 13 Juni 1981. Alikuwa kijana wa mjini, aliyesoma hadi chuo kikuu, mwenye marafiki wengi na mwenye matumaini ya maisha mema: kazi nzuri, ndoa, nafasi ya kuifaa nchi yake. Hakuwa mtawa wala katekista. Katika Jumuiya ya Mtakatifu Egidio alijipatia mahali pa kusali na kutumikia, hasa katikati ya watoto wa barabarani, wale tunaowaita maibobo, ambao wengine huwapita wakiwafukuza kama nzi.

Kazi yake katika OCC, ofisi ya serikali inayokagua ubora wa bidhaa, ilimweka mpakani. Alipaswa kuvizuia na kuviharibu vyakula vilivyooza visiingie sokoni. Hapo ndipo hulka yake ilipojaribiwa. Kwa mtu mwenye marafiki wengi, kukataa ni kugumu, maana kila ombi huja na jina la mtu unayemjua. Aliletewa rushwa ili apitishe mchele ulioharibika. Alikwenda kumwuliza mtawa mmoja aliyekuwa daktari kuhusu madhara ya chakula kama hicho kwa walaji, na akamweleza pia jinsi alivyokuwa akishurutishwa kupokea fedha. Msimamo wake ulikuwa kwamba Mkristo hawezi kununuliwa ili watu wengine wafe. Tarehe 7 Julai 2007 alitekwa nyara. Aliuawa akiwa na miaka 26.

Tarehe 15 Juni 2025, katika Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, mjini Roma, Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye Heri, na sasa tunamkumbuka kila tarehe 8 Julai. Siku moja baada ya sherehe ile, Papa Leo XIV aliwapokea mahujaji waliokwenda kwa ajili yake.

Vijana wenzangu, tumweke Floribert pembeni mwa Anuarite. Mmoja aliikimbilia nyumba ya watawa kwa kupanda lori. Mwingine alibaki katika biashara na makaratasi ya mpakani. Kama tungelikuwa na kalibu moja ya utakatifu, mmoja wao asingeingia. Na tuongeze hili: wala mmoja hakuwa peke yake. Floribert alikuwa na wa kuuliza, wa kusali naye, wa kumtia moyo. Ujasiri wa mtu mmoja mara nyingi una mizizi katika kikundi kilichomjua vizuri kabla ya siku ya hatari.

Mawe ya Mabanga

Mwaka 1961, maaskofu wa Kongo waliamua kwamba Kanisa la nchi hii lijengwe juu ya jumuiya hai za Wakristo. Ndizo tunazoziita shirika. Hekima ya uamuzi ule inaonekana hadi leo. Katika misa ya Dominika mtu anaweza kupotea katika umati. Katika shirika, jirani anajulikana kwa jina, kwa furaha yake na kwa hasira yake. Humo ndimo tofauti za hulka zinapouma, na humo ndimo zinapoponya. Shirika linahitaji msomaji wa Neno, lakini pia mtu wa kuketi na mgonjwa bila kusema mengi. Linahitaji mchangamfu wa kuwapokea wageni waliofika na mkeka na sufuria tu kutoka kambini, lakini pia mtunza hazina ambaye haoni haya kuuliza pesa zilikwenda wapi. Linahitaji mwenye maswali, maana asiyeuliza hudanganywa.

Hata hivyo, kuthamini hulka si kuhalalisha kila tabia. «Ndivyo nilivyo» si kinga ya matusi, wala ukimya si ruhusa ya kukimbia wajibu. Mtakatifu Paulo, katika Waraka wa kwanza kwa Wakorinto, sura ya 12, hasemi kwamba kila kiungo kifanye kipendavyo. Anasema viungo vyote vinahitajiana, na kwamba vile vinavyoonekana dhaifu ndivyo vya lazima zaidi. Hulka ni kipaji, na kipaji hudai malezi. Mwenye moto ajifunze subira. Mkimya ajifunze kusema pale ambapo kunyamaza ni kumwacha ndugu aangamie.

Hapa Mabanga, jina ambalo kwa Kilingala maana yake ni mawe, hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilitapika moto, ukaunguza sehemu kubwa ya mji pamoja na Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Moto ulipopoa ukawa mawe meusi, makali, yasiyolingana hata mawili. Mafundi wa Goma hawakungoja mawe mengine. Waliyachukua hayo hayo, wakageuza hili, wakalaza lile, wakatafuta dogo la kuziba pengo, na kuta zikasimama. Fundi anayetaka mawe ya kipimo kimoja, Goma atakaa bila nyumba. Waraka wa kwanza wa Petro unatuita sisi mawe hai ya nyumba ya Mungu. Mawe hai, kama yale ya Nyiragongo, kila moja lina umbo lake.

Na tukumbuke tunaishi wakati gani. Katika mji huu wa vita na wa watu waliohamishwa mara kwa mara, kijana asiyepata nafasi kanisani haendi mahali patupu. Kuna wengine wanaomngoja: wenye bunduki, wenye fedha za haramu, wenye kuuza chuki kwa jina la kabila. Hao hawamuulizi kama anajua kuimba. Wanamwambia tu: njoo, tunakuhitaji. Ingekuwa aibu kubwa neno hilo alisikie kwao kabla ya kulisikia kwetu.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Katika kikundi chetu, ni nani aliyeacha kuja mwaka huu? Je, tulimkosea kwa kutaka awe mtu mwingine? Nani kati yetu atakwenda kumtembelea juma hili?

2. Nani kwetu ni «Barnaba», na nani ni «Paulo»? Je, tunawapa wote wawili nafasi, hasa wanapopingana?

3. Kila mmoja ataje kazi moja ya parokia ambayo hulka yake inamsaidia kuifanya vizuri, na tabia moja ambayo inampasa kuilea.

Mwenye Heri Anuarite na Mwenye Heri Floribert, mtuombee.